Ukifika Mose, nisalimie

Mombasa

Ndugu yangu Salim,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Huku sote wazima. Kombo bado analalamika kuhusu zile pesa, malizaneni wenyewe, mimi simo. Najua nimekaa kimya muda mrefu, lakini wewe pia si wa kusema.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari kwamba mmehamia Jacksonville, Florida. Umeiandika kama mtu aliyevuka feri kwenda Likoni! Hivi unajua St. Augustine iko mwendo wa kama saa moja tu kwa gari kutoka hapo? Nina ombi, ila kwanza nikusimulie, maana kipindi cha historia wewe ulikuwa wa kusinzia.

Mwaka 1739 Uingereza na Uhispania ziliingia vitani. Chanzo biashara ya Karibi, kisingizio sikio la nahodha Robert Jenkins, aliyedai lilikatwa na walinzi wa pwani wa Kihispania. Sikio, Salim! Mwaka uliofuata James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Georgia, akaizingira St. Augustine, mji wa Wahispania, huku manowari zikiziba njia ya bahari. Mizinga ikanguruma kutoka kisiwa cha Anastasia, ngome ya mji isibomoke. Ukuta wake ni wa kokina, jiwe laini la makombe yaliyoshikamana, na risasi za mizinga zilizama humo badala ya kuupasua. Wewe uliyekulia nyumba ya matumbawe utalielewa jiwe hilo ukiligusa tu.

Lakini kinachoninyima usingizi si ngome hiyo, ni Mose, kijiji cha watu weusi huru. Mwaka 1738, kaskazini kidogo ya mji, gavana wa Kihispania Manuel de Montiano aliwapa makao hapo watumwa waliotoroka mashamba ya Carolina, koloni la Waingereza. Tangu 1693 mfalme wa Uhispania alikuwa ametangaza kwamba anayefika na kuwa Mkatoliki ni huru. Usidhani ni huruma. Dola hiyo hiyo ilikuwa na watumwa Cuba, na kampuni ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa na kibali cha kuwapeleka katika makoloni yake! Wahispania walitaka kuwatia hasara jirani zao Waingereza, na kupata askari wa kulinda mpaka. Askari waliwapata kweli. Kamanda wao, Francisco Menéndez, alikuwa Mmandinka, mzaliwa wa Afrika Magharibi.

Oglethorpe alipokaribia, watu wa Mose walihamishiwa mjini, na askari wake wakaikalia ngome yao. Juni 1740, kabla hakujapambazuka, Wahispania, wenyeji wa asili na wanamgambo weusi wakawavamia. Wakakabana mwilini, kwa panga na vitako vya bunduki, na zaidi ya Waingereza sitini wakafa. Baadaye chakula kikapenya kutoka Havana, manowari zikaogopa msimu wa vimbunga zikaondoka, Oglethorpe naye akarudi mikono mitupu.

Sasa Menéndez akamwandikia mfalme kudai malipo ya kazi yake. Mtu aliyewahi kuuzwa, anamdai mfalme! Mwaka 1741 alikuwa katika meli ya Kihispania, Waingereza wakaikamata. Walipojua ni yule wa Mose wakamtandika viboko 200, na mahakama ya Bahamas ikaamua auzwe. Lakini mwaka 1759 unamkuta tena Mose, kapteni vilevile. Halafu 1763 Uhispania inaitoa Florida kwa Uingereza ili irudishiwe Havana, na watu wa Mose wanapakiwa merikebuni kwenda Cuba. Hapo ndipo ninapokwama. Umepigania mahali kwa damu, kisha wakubwa wanakaa Paris, wanatia saini mkataba, na… basi. Mama watoto anasema nimezidi, hata chakula nasahau.

Ombi langu: nenda. Ngome utaiona tu, kila mtalii yuko hapo, lakini usirudi bila kufika Mose. Nipigie picha za kinamasi chenyewe, si za mabango. Je, bahari inaonekana kutoka hapo? Mbu wako wengi? Watoto wako shuleni wamefundishwa habari za Menéndez, au wanaanzia kwa Lincoln? Gari mmeshapata? Shemeji ameanza kazi? Na mkija Desemba mtafikia kwetu au kwa Fatma, maana yeye ameshanunua godoro?

Wako,
Athumani