Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umeme wa Moyo kwa Mwenye Ugonjwa wa Koronari

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi naomba nishughulike na jambo moja lililotawala vikao vyetu mwaka mzima.

Swali lenyewe mnalijua: “ECG yangu ilitoka safi, mbona nikipanda ngazi kifua kinabana?” ECG ya kawaida, yaani kipimo cha umeme wa moyo kinachochapwa kwenye karatasi, hurekodi sekunde 10 hivi, tena ukiwa umelala. Moyo uliotulia hauhitaji damu nyingi, kwa hiyo hata mshipa wa koronari (ule unaolisha moyo wenyewe damu) uliopungua upana unaweza kuutosheleza. Ukianza kupanda ngazi, misuli inayolishwa na mshipa huo inakosa oksijeni, potasiamu inavuja nje ya seli, na umeme unapita polepole hapo ilhali sehemu jirani inaendelea kwa kasi yake. Ndiyo maana vipimo vya mtu yuleyule vinaweza kupishana kwa saa chache tu. Karatasi safi ni habari njema ya sekunde hizo 10, basi.

Mahali mshipa ulipoziba napo pana uzito wake. Mshipa wa koronari wa kulia hulisha nodi ya SA, inayoanzisha mapigo, kwa takriban watu 60 katika 100, na nodi ya AV, inayopitisha umeme kwenda vyumba vya chini vya moyo, kwa takriban 90. Ukiziba, mapigo huweza kushuka mno, ingawa mara nyingi hali hiyo hupita. Kuziba kwa mshipa wa mbele wa kushoto kunatisha zaidi: matawi yanayosambaza umeme kwenye ventrikali (vyumba hivyo vya chini) huumia, na wimbi la QRS, yaani alama ya umeme wa ventrikali kwenye ECG, huweza kupanuka na kufika milisekunde 120 au zaidi.

Kisha kuna kovu. Kovu la mshtuko wa moyo halipitishi umeme, lakini ndani yake hubaki nyuzi chache zilizo hai. Umeme hujikongoja humo, ukitokeza upande wa pili unakuta misuli imeshakuwa tayari tena, unaanza kuzunguka. Hapo ndipo mbio za hatari za ventrikali huzaliwa, pengine miaka mingi baada ya mgonjwa kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Wanaoazimana dawa za “kutuliza mapigo” niliwakemea, na sijabadili msimamo. Mwaka 1989 utafiti wa CAST ulionyesha kwamba dawa mbili za aina hiyo, flekainaidi na enkainaidi, kwa watu waliopata mshtuko wa moyo, zilipunguza mapigo ya ziada lakini vifo vikaongezeka.

Saa za mkononi zilituchosha kidogo. Zinasaidia kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, ila hazigundui mshtuko wa moyo. Anayeumwa kifua aende hospitali, saa aivue baadaye.

Tulikubaliana kila mwanachama atunze nakala ya ECG yake ya zamani. Daktari wa zamu akiona umeme haupiti vizuri kwenye tawi la kushoto, atataka kujua: ni tatizo la leo au la siku nyingi? Bado wapo ambao hawajazitafuta nakala zao.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza fedha za mafunzo zianze na kukandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Walengwa ni wale tunaoishi nao nyumbani, kwa kuwa moyo ukisimama mgonjwa hawezi kujikandamiza. Naomba pendekezo hili lipigiwe kura kabla ya kupitisha bajeti.