"Je, umeajiriwa?" ni swali lisilotosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie takwimu ambayo vyuo vya ualimu hupenda kuitangaza kila msimu wa udahili unapokaribia, yaani asilimia ya wahitimu waliopata ajira. Mimi ni mkufunzi wa siku nyingi, na kwa muda fulani nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuikusanya takwimu hiyo, kwa hiyo lawama ninayoitoa hapa inanigusa na mimi.

Dodoso tulilowatumia wahitimu miezi sita baada ya kumaliza masomo lilikuwa na swali moja la msingi, "Je, umeajiriwa?", na visanduku viwili vya kutia alama. Katika fungu moja la majibu, mhitimu aliyekuwa akishikilia vipindi vya mwalimu aliye likizo ya uzazi alijibu Ndiyo; mwenzake aliyekuwa karani wa ghala akajibu Ndiyo; na wa tatu, aliyesomea kufundisha historia lakini akabebeshwa fizikia kwa kuwa hapakuwa na mwingine, naye Ndiyo. Aliyejibu Hapana alikuwa akiingia darasani siku tano kwa wiki, kwa kujitolea, akifundisha somo alilolisomea. Taarifa yetu iliwahesabu watatu wa kwanza kuwa mafanikio ya chuo, na huyo wa nne akahesabiwa hana kazi. Waliokaa kimya bila kurudisha dodoso hatukuwataja kabisa, ingawa mwenye habari njema ndiye huwa mwepesi wa kujibu.

Wapo wanaoshangaa inakuwaje UNESCO ikadirie kwamba dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari kufikia mwaka 2030, huku wahitimu wa ualimu wakizunguka na bahasha za maombi ya kazi. Darasa lisilo na mwalimu haligeuki nafasi ya kazi mpaka mshahara wake uwe umetengwa kwenye bajeti, na hata ukitengwa, pengo la hisabati halizibwi na mtu aliyesomea somo ambalo tayari lina walimu wa kutosha. Isitoshe, wengi huingia na kutoka: shirika hilohilo limeonyesha kuwa kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi duniani kilipanda kutoka asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi asilimia 9.1 mwaka 2022, jambo ambalo dodoso la miezi sita baada ya masomo haliwezi kulinasa.

Ninachopendekeza ni kwamba mhitimu aulizwe anafundisha somo gani, kwa mkataba wa namna gani na kwa vipindi vingapi, kisha aulizwe tena baada ya mwaka mmoja, mitatu na mitano, na majibu yachapishwe kwa kila somo pamoja na idadi ya wasiojibu. Nitaambiwa kwamba wahitimu hawapatikani kirahisi, lakini chuo kinachoweza kumsaka mhitimu anayedaiwa ada hakishindwi kumpata yuleyule kwa maswali hayo machache. Kijana anayejaza fomu ya kuchagua masomo ya kufundishia anastahili kuwekewa taarifa hiyo mezani kabla hajashika kalamu.

Mkufunzi wa ualimu