Muriel Siebert naye aandikwe

Mhariri,

Mkiandika habari za matajiri wa soko la hisa la New York, majina ni yaleyale, na yote ya kiume. Naomba siku moja mumpe nafasi Muriel Siebert, aliyefariki mwaka 2013.

Hakumaliza chuo. Alipotaka kununua kiti, yaani haki ya uanachama na ya kufanya biashara, katika soko hilo, kati ya wanaume kumi wa kwanza aliowaomba wamdhamini, tisa walikataa. Kisha soko likadai barua ya benki ya kuthibitisha mkopo wa dola 300,000. Benki nazo zikasema hazikopeshi mpaka soko limkubali. Mzunguko huo wakopaji wa hapa kwetu wanaujua vizuri! Alikipata kiti Desemba 1967 kwa dola 445,000, mwanamke wa kwanza, akawa peke yake kati ya wanaume zaidi ya 1,300.

Mei 1975, mawakala wa hisa waliporuhusiwa kujipangia ada badala ya kutoza ada moja iliyowekwa, alishusha zake siku ileile. Baadaye akasimamia mabenki ya jimbo la New York.

Na hadi 1987 ghorofa ya chumba cha chakula cha soko hilo haikuwa na choo cha wanawake. Alitishia kuleta cha kuhamishika. Kikajengwa.

Msomaji wenu,
Dodoma