Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Pumu, Mzio na Minyoo

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Mwaka huu tumekutana mara nne kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu atazisoma mhazini baada yangu, kwa hiyo sitazigusa. Naomba sehemu kubwa ya muda wangu niitumie kwa jambo moja lililotugawa katika kikao cha Machi, kwa sababu niliahidi kulijibu na ahadi ni deni.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Shule zilikuwa zinajiandaa kwa siku ya dawa za kichocho na minyoo, ile siku watoto wanaposimamishwa kwenye mti wenye alama na kupimwa urefu, ili ijulikane kila mmoja ameze vidonge vingapi. Mama mmoja akasimama akasema mwanawe hamezi. Alikuwa amesikia kwamba minyoo ndiyo inayowakinga watoto wa kwetu na pumu, na kwamba Wazungu wana pumu nyingi kwa sababu wameimaliza minyoo yao. Kabla hajakaa, mzee mmoja akadakia kinyume chake: pumu yenyewe ni michango, yaani minyoo ya tumbo, iliyopanda kifuani, mtoto apewe dawa ya minyoo kila mwezi na pampu ya kuvuta dawa itupwe. Kila mmoja akapata wa kumuunga mkono. Mimi sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimesoma na nimewauliza madaktari wanaotuhudumia. Kwanza nimtendee haki mama yule: hakulitunga. Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, David Strachan, alionyesha kwamba watoto waliokulia na ndugu wengi walisumbuliwa kidogo na mafua ya mzio, akadhani maambukizi ya utotoni yanawakinga. Baadaye hoja hiyo ikafikishwa kwenye minyoo, tena kwa sababu ya msingi. Silaha ambazo mwili unapigania nazo minyoo, yaani kingamwili za IgE na chembe nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili, ni zilezile ambazo kwa mtu mwenye mzio zinaelekezwa kwenye vumbi au manyoya ya paka. Mnyoo anayetaka kuishi ndani ya mtu kwa miaka hana budi kulituliza jeshi hilo, na likishatulia, hata mzio unaweza kupoa. Huko Lambaréné, Gabon, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watoto wa shule wenye kichocho cha mkojo hawakuvimba ngozi mara nyingi kama wenzao walipochomwa kipimo cha utitiri wa vumbi, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mito. Mwaka uliofuata, Jimma nchini Ethiopia, watu wenye minyoo ya safura walionekana kubanwa kifua kwa nadra kuliko wasio nayo.

Shida ni kwamba "minyoo" kwetu ni neno moja linalobeba viumbe wengi wasiofanana. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzijumlisha. Kwa wenye safura, uwezekano wa kuwa na pumu ulikuwa kama nusu ya wengine. Kwa wenye minyoo mikubwa ya mviringo, askarisi, uliongezeka kwa karibu theluthi moja. Na ukiifuata safari ya askarisi unaelewa kwa nini mzee wetu wa Machi alisema vile. Mtoto anameza yai kwenye tunda lisilooshwa au kwenye vidole vyenye udongo. Kiluwiluwi kinaanguliwa tumboni, kinatoboa, kinapita kwenye ini, kinafika kwenye mapafu, kinapanda koo, kisha kinamezwa tena kukua utumboni. Kikiwa kwenye mapafu mtoto anakohoa na kifua kinalia. Zaidi ya hayo, mnyoo huyu ana protini, tropomiosini, inayofanana sana na ya utitiri na ya mende. Mwili uliojifunza kumchukia askarisi unaweza kumshambulia na utitiri. Kwa hiyo mzee naye alishika ukweli, ila aliushika mkiani.

Jibu lililonitosheleza mimi limetoka kwenye ziwa letu hili hili la Victoria. Katika visiwa vya Koome, upande wa Uganda, watafiti wa Entebbe waligawa vijiji 26 vya wavuvi katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa za minyoo na kichocho kwa ratiba ya kawaida, jingine likapewa kwa wingi, kila miezi mitatu, kwa miaka mitatu. Kichocho kilipungua zaidi kwenye kundi la pili. Kubanwa kifua hakukuongezeka wala kupungua. Wavuvi wale wanakula dagaa tunaowala na wanaoga maji tunayoyaoga, na nilipomaliza kusoma nilipumua.

Sitawaficha kwamba katika utafiti mwingine wa Entebbe, watoto ambao mama zao walipewa albendazo, dawa ya minyoo, wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi utotoni. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka tisa, dawa ile haikuwa imewaongezea pumu. Na huko Nottingham, Uingereza, wagonjwa wa pumu walijitolea kuingiziwa viluwiluwi 10 vya safura kila mmoja kupitia ngozi. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: pumu yao haikupata nafuu ya maana.

Kwa hiyo msimamo wangu kama mwenyekiti ni huu, na nimeuombea baraka za kamati. Watoto wetu wameze dawa siku ya shule. Safura inanyonya damu, kichocho kinaharibu ini, na hakuna mtoto wa chama hiki atakayeachiwa upungufu wa damu kwa matumaini ya kuokoa kifua chake.

Upande wa pili nao nauomba unisikilize, kwa sababu ndiko tulikoumia. Kikohozi cha askarisi anayepita kwenye mapafu huisha chenyewe ndani ya wiki chache. Pumu inarudi, inarudi usiku, inarudi mtoto akikimbia au moshi wa kuni ukimpata. Binti wa mwanachama mwenzetu mmoja alipewa dawa ya minyoo mara tano katika mwaka mmoja, kila mara akiambiwa ni michango, mpaka alfajiri moja tulipombeba kwenye bajaji midomo imebadilika rangi. Leo anatumia pampu ya kinga yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, asubuhi na jioni, na anaruka kamba. Pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua kwa haraka, peke yake haitoshi. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa haipendekezi tena pumu ya watu wazima na vijana itibiwe kwa hiyo tu.

Kuhusu vipimo vya damu vya mzio, ambavyo baadhi yenu mmevilipia kwa shida, naomba tupunguze mbio. Katika sehemu zenye minyoo, IgE hupanda bila mtu kuwa na mzio wowote. Ghana walipimwa watoto wa shule, baadhi yao wakakutwa na IgE ya karanga, lakini karanga walikuwa wanazila bila kudhurika. Inaelekea sukari zilizo kwenye minyoo ya kichocho ndizo zilizokuwa zinakidanganya kipimo. Nimehuzunika kusikia kuna watoto humu wamekatazwa karanga, mayai na samaki kwa karatasi moja tu ya maabara. Mwonyesheni daktari karatasi hiyo, na mwelezeni mtoto akila kitu hicho huwa anapatwa na nini hasa.

Jambo moja zaidi la kumwambia daktari. Yupo mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, anayeweza kukaa mwilini miongo mingi kimyakimya. Mtu mwenye mnyoo huyu akimeza vidonge vya steroidi kama prednisolone, mnyoo anaweza kuzaliana ghafla na kusambaa mwili mzima, na wagonjwa wanaweza kufa. Msiache steroidi kwa hofu. Ulizeni tu kama kuna haja ya kupima au kupewa ivamektini, dawa ya mnyoo huyo, kwanza, hasa wakubwa waliolima peku miaka mingi.

Kazi ya mikono imekwenda vizuri. Chupa za maji za nusu lita, zilizotobolewa kitako kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa pampu ili mtoto avute dawa kupitia chupa, zimefika kwa kila familia yenye mtoto chini ya miaka mitano. Mbinu hii ilijaribiwa Cape Town na daktari wa watoto Heather Zar na wenzake, na chupa iliyozibwa vizuri pale pampu inapoingia ikafanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa. Waliopasukiwa na chupa zao waje na nyingine kwenye kikao cha Januari, tupu na iliyooshwa. Waya na jiko la mkaa vitakuwepo nje, mbali na watoto.