AC Haitoi Baridi? Pima Swichi Kabla ya Kulipia Gesi

Kaskazi ikishika, simu nyingi zinazoingia hapa gerejini Malindi huanza na maneno yale yale: "Fundi, AC imekufa, nataka gesi." Kwa gari la juzijuzi huenda mteja amekisia sawa. Lakini kwa gari la michezo la zamani, yale ya viti viwili yaliyotoka Japani miaka ya 90 au yale ya Kiitaliano ya zamani zaidi ambayo mji huu bado unayo, sisi hatuanzi kwa kujaza gesi. Mshukiwa wetu wa kwanza ni kitufe cha AC pale kwenye dashibodi. Kitufe hicho kimebonyezwa kwa miaka thelathini na zaidi, kimepigwa jua na kimevuta hewa ya bahari, na kikiwa ndicho kibovu hatufungui bomba hata moja.

Gesi ya AC haiishi kwa matumizi kama petroli. Inazunguka humo humo ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja, iwe ni kwenye mpira uliozeeka au kwenye kondensa (ile rejeta ya AC) iliyoliwa na kutu. Anayekujazia bila kutafuta mvujo anakupa nafuu ya muda mfupi. Anayekujazia wakati gesi haikupungua anakuharibia gari kabisa, maana gesi ikizidi kipimo presha hupanda na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, hubeba mzigo isiouweza. Inatuuma kupokea gari la mtu aliyelipia gesi na bado anaendesha na vioo chini, jasho limemlowesha.

Watu wengi hudhani kitufe cha AC ndicho kinachopeleka umeme kwenye kompresa. Katika magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90 sivyo. Kitufe kinapeleka ombi tu. Ombi hilo linapita kwenye swichi ya feni, kwa sababu feni ikiwa imezimwa AC haitakiwi kuwaka. Linapita kwenye thamostati, swichi ya joto iliyokaa kwenye evapureta (sehemu ya ndani inayopoza hewa) ili isigande barafu, na kwenye swichi ya presha inayozuia kompresa gesi ikiwa kidogo mno au presha ikiwa kubwa mno. Kompyuta ya injini ikilikubali, inaamsha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na rilei ndiyo inayopeleka umeme kwenye klachi ya kompresa, ile sumaku inayoinasisha kompresa na puli yake. Mpangilio hutofautiana gari kwa gari, ila kazi ni hiyo. Mahali pamoja pakikatika, kompresa haishiki, na wewe uliyeketi ndani unaona kitu kimoja tu: hewa ya moto.

Kuna jambo unaloweza kulipima mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Washa injini, weka feni namba mbili, fungua boneti, kisha mwombe mtu abonyeze kitufe cha AC nawe ukitazama kompresa bila kuingiza mkono karibu na mikanda. Puli ya kompresa inazunguka muda wote injini ikiwaka. Kinachopaswa kubadilika ni lile bamba la mbele ya puli: limesimama, kisha linanaswa kwa mlio wa "tak!" na kuanza kuzunguka pamoja na puli. Sauti ya injini nayo hubadilika kidogo inapopokea mzigo. Kama gari lako ni Toyota MR2, injini iko nyuma ya viti, kwa hiyo nenda ukasikilize nyuma.

Bamba likinaswa na bado hupati baridi, kitufe hakina kosa. Hapo ndipo habari ya gesi, kondensa au feni za mbele inapoanza. Na kama feni ya ndani inafanya kazi kwa mwendo wa juu kabisa tu, huku namba za chini zimekufa, mara nyingi ni rizista ya feni (kile kifaa kinachopunguza mwendo wake) iliyoungua, kazi nyingine kabisa isiyohusiana na kitufe.

Kitufe kinachoelekea kufa kina tabia zake, na mwenye gari huzijua kabla ya fundi. AC inakubali ukikibonyeza na kukishikilia, inakata ukiachia. Inakubali ukipita kwenye matuta, inakata barabara ikinyooka. Taa yake ndogo inapepesa, au kitufe kinarudi juu chenyewe bila kunasa. Tueleze tabia hizo ukifika. Zinatuokolea muda mwingi kuliko kuambiwa tu kwamba "haifanyi kazi". Taa kutowaka peke yake si ushahidi, kwani balbu ile huungua huku pointi za ndani, vile vibati vinavyogusana kupitisha umeme, zikiwa nzima.

Gari likifika, kwanza tunaunganisha geji ili tujue mfumo si mtupu. Gari likiwa limezimwa na limepoa, hali ya hewa ikiwa nyuzi 30, mfumo wa R134a (aina ya gesi ya AC) wenye gesi husoma karibu psi 95. Kipimo hicho hakituambii gesi imetosha, kwa sababu presha ya gesi iliyotulia hufuata joto maadamu kuna gesi ya majimaji ndani, iwe nyingi au kidogo. Kinatuambia tu kwamba swichi ya presha haina sababu ya kukataa. Kisha tunaenda kwenye kitufe. Tunapima kwa mita tukiwa tumeichomoa plagi yake: kikiwa kimebonyezwa, pointi nzima husoma chini ya omu 1. Ikisoma makumi ya omu, au namba inarukaruka unapokitikisa kwa kidole, tumempata mwizi. Ili tusikisie, tunaziunga nyaya mbili za kitufe kwa muda mfupi kwa waya wenye fyuzi. Kompresa ikishika hapo hapo, basi.

Kukitoa ndiyo kazi inayotaka subira. Plastiki ya dashibodi ya miaka hiyo imekauka, na vijino vyake hukatika kama biskuti ukivilazimisha kwa bisibisi. Tunatumia vipande vya plastiki laini kubandulia, na tunafanya kazi hiyo gari likiwa na joto kidogo, kwani plastiki yenye uvuguvugu hupinda kabla ya kuvunjika. Waya wa hasi wa betri tunautoa kwanza. Kwenye baadhi ya magari kuna pia zile kebo za chuma za kuhamishia hewa ya moto na baridi. Tunapiga picha jinsi zilivyokaa kabla ya kuzigusa, maana ikirudi imepishana kidogo tu, hewa ya moto ya hita itavuja ndani na utadhani AC bado ni mbovu.

Ndani ya kitufe mna springi ndogo kuliko punje ya mchele, na mara nyingi mna kijigololi au kisahani cha shaba kinachopandana na pointi mbili. Tunakifungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu springi ile ikiruka kwenye sakafu ya gereji haionekani tena. Ukitazama pointi kwa miwani ya kukuzia, kwa magari ya huku pwani utaona moja kati ya mambo mawili: weusi wa cheche, au ukoko wa kijani wa shaba iliyoguswa na chumvi. Grisi ya kiwandani nayo imeganda, imekuwa nta ya kahawia inayoshikilia vumbi.

Hatupigi msasa. Pointi nyingi zimepakwa fedha juu, na msasa unaikwangua fedha hiyo. Kitufe kitafanya kazi vizuri kwa wiki chache kisha kirudi kule kule. Tunaosha kwa spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, tunasugua kwa karatasi ngumu iliyolowa spiriti hadi fedha ionekane, tunaweka grisi mpya ya umeme, kidogo sana, kisha tunakifunga. Kitufe kikiwa kimekaa juu ya kibao cha saketi, tunageuza kibao na kutazama miguu yake. Ukiona kijimduara chembamba kama nywele kuzunguka mguu, risasi ya kulehemu imepasuka pale, na kuilehemu upya huponya ugonjwa ambao usafi usingeuponya. Kinachotushinda ni kile kijino cha plastiki cha ndani kinachofanya kitufe kinase. Kikikatika, gundi haivumilii joto la dashibodi, na hapo tunakushauri utafute kitufe kingine kilichotoka kwenye gari la aina ile ile. Hicho nacho tunakifungua na kukisafisha kabla ya kukifunga, kwa sababu kina umri ule ule.

Sasa lile jambo linalotukosesha usingizi. Kuna mtindo wa kuunga kompresa daireki: waya kutoka betri, kijiswichi cha dukani chini ya usukani, hadi kwenye klachi. Baridi inakuja siku hiyo hiyo na bei ni ndogo. Lakini waya ule umeiruka swichi ya presha na thamostati. Gesi ikivuja, hakuna kitu cha kuisimamisha kompresa, na mafuta yanayoilainisha husafiri pamoja na gesi. Inazunguka kavu hadi inajisaga, na vumbi lake la chuma linaenea hadi kondensa na evapureta. Kosa la kitufe kimoja linakuwa la mfumo mzima. Gari la namna hiyo likija kwetu, tunaondoa daireki kwanza, na hatukubali kuliachia likiwa nayo hata mteja akisema inamtosha.

Magari ya zamani zaidi, ya miaka ya 60 na 70, yana kisa tofauti. AC nyingi za wakati huo zilifungwa baadaye, na kitufe kilibeba umeme wote wa klachi, ampea 3 au 4, bila rilei. Hapo pointi huungua kweli. Dawa tunayoipenda ni kuongeza rilei ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ili kitufe kibaki na kazi ya kuiamsha tu, ambayo ni chini ya robo ya ampea. Tunapima pia dayodi ya klachi. Kila klachi inapoachia, koili yake hurusha umeme wa ghafla kurudi nyuma, na dayodi ndiyo inayoumeza. Ikifa, cheche zote zinaishia kwenye pointi za kitufe au rilei, na utabadilisha vitufe hadi uchoke. Uzuri ni kwamba haya yote hayagusi sura ya gari. Dashibodi inabaki ya asili, jambo ambalo wenye magari haya wanalithamini, nasi pia.

Wateja wanaoondoka mvua za masika zikianza na kurudi Agosti, wakiliacha gari chini ya makuti mita chache kutoka ufukweni, tunawaomba wamwachie mtu ufunguo. Aliwashe kila wiki, abonyeze AC mara kadhaa, aiache ikimbie dakika kumi. Kule kubonyeza husugua pointi, na kuzunguka kwa kompresa hupeleka mafuta kwenye sili zake. Ombi hilo hilo ni kwa wenzetu wa Lamu wanaoegesha Mokowe na kuvuka kwa boti. Hewa ya gatini ina chumvi kali. Kama gari lina paa la turubai, lisilale wazi usiku, maana umande wa bahari unatua moja kwa moja juu ya vitufe.

Ukija, tuletee namba ya siri ya redio kama redio ni ya asili, kwani tukitoa betri, redio nyingi hujifunga. Tazama pia chini ya boneti kama stika ya AC bado inasomeka: magari mengi ya kabla ya 1993 yalitumia R12, yaliyofuata yakatumia R134a, na hizo mbili hazichanganywi. Upimaji wa kitufe tunaufanya ukiwa umekaa papo hapo, nasi tunakuonyesha namba kwenye mita kabla hatujakutajia bei.