Asante, Mama mfumaji wa Miagao

Mama uliyesimama nasi mbele ya kanisa la Miagao, mkoani Iloilo, Ufilipino, hatukulijua jina lako, lakini asante sana. Vitabu husema tu kwamba lilijengwa kati ya 1787 na 1797, likaingia Urithi wa Dunia 1993. Wewe ulituonyesha kwa kidole mpapai uliochongwa ukutani, na Mtakatifu Kristofa akimbeba Mtoto Yesu huku ameushika mnazi. Ukatueleza kwa nini kuta ni nene kiasi kile, karibu mita 1.5: kanisa lilikuwa pia ngome dhidi ya wavamizi waliotoka baharini.

Shukrani kubwa zaidi ni za somo la hablon, kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zivutwe sawa kabla mshindio, uzi wa kukatiza, haujapita. Upande mmoja ukilegea, kitambaa hupinda na miraba ya patadyong, sketi ya kujifunga, haikutani kwenye mshono. Uzi ukikatika, simama hapohapo, uunge kwa fundo dogo, uurudishe kwenye jino lake la chanuo, kitana kinachotenganisha nyuzi za mtande. Ukiuacha, ufa mwembamba utaifuata nguo mpaka mwisho. Hilo la fundo, Mama, hatukulikuta kwenye kitabu chochote.