Usimlete Mama wakati wa masika

Lushoto,
Machi 4

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji yangu na watoto, na Mama umpe shikamoo yangu ya heshima. Sisi huku hatujambo. Mwenzangu amepona mguu, watoto wanasoma, na yule mjomba wa Mlalo bado anauliza ni lini utamrudishia mwavuli wake. Ama baada ya salamu, nakuomba radhi kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Ujumbe wako wa Jumapili umenikuta nikiwa na deni la barua, na umenishtua kiasi kwamba sikuona vyema kuujibu kwa maneno matatu ya simu. Unasema mmekwisha kukubaliana kumleta Mama Lushoto wiki ya Pasaka, kwa kuwa ndipo utakapopata nafasi ya kutoka shuleni. Nimelala na habari hiyo siku mbili, na leo nimeamka nikiwa na hakika ya jambo moja: rafiki yangu, nakusihi usimlete Pasaka.

Usidhani kwamba sina hamu ya kumpokea. Unajua ni miaka mingapi nimekuwa nikikuomba uje, na unajua kwamba Mama akifika hapa hatalala nyumba ya wageni maadamu mimi nina paa. Nakuandikia kuhusu majira tu, maana majira ya huku milimani hayafanani na ya huko kwenu Mbagala, na mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba mwezi mmoja ni sawa na mwingine, isipokuwa pengine abebe sweta.

Masika ya huku huanza Machi, hushika kasi Aprili, na hayaachii mpaka katikati ya Mei au zaidi. Huko kwenu mvua ikizidi mnasumbuliwa na foleni na maji ya Jangwani, lakini huku mvua huamua kama utafika au hutafika. Barabara ya kutoka Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo na mawe, upande mwingine bonde la mto, na katika kilomita zipatazo 33 hupanda kutoka mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi kama mita 1,400. Udongo ukishiba maji, huachia. Mwaka juzi, mwezi huohuo wa Aprili, nilikuwa nikirudi kutoka Korogwe kumwona mwenzetu alipojifungua, na tulipokaribia Soni tukakuta kifusi kimeziba njia nzima, udongo mwekundu uliochanganyika na mawe makubwa kama magunia ya mahindi, na juu yake mgomba mmoja umesimama wima kana kwamba umepandwa palepale. Kondakta akatuambia kwamba anayeweza avuke kwa miguu, kuna gari linasubiri ng'ambo. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja rika la Mama. Vijana wawili walimshika mikono, na kila alipouchomoa mguu, kandambili ilibaki matopeni, hata mwishoe akavuka peku. Hakulalamika hata mara moja. Alipofika ng'ambo alikaa juu ya jiwe, akayashika magoti yake kwa mikono miwili, akabaki hivyo muda mrefu huku mvua ikimnyeshea. Tangu niliposoma ujumbe wako, bibi yule hanitoki machoni, ila sasa ana sura ya Mama.

Sitaki kukutisha kupita kiasi. Barabara haifungwi kila mvua inyeshapo, na iko miaka ambayo masika hupita salama, na hata kifusi kikianguka, mitambo huja ikakizoa. Lakini hata kama barabara itakuwa njema kabisa, kuna njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu, unayoikumbuka, yenye zile ngazi za udongo kwenye mteremko. Wakati wa kiangazi watoto huzipanda wakikimbia. Masika yakiingia, hugeuka utelezi mtupu, na mwezi wa Aprili uliopita jirani yangu, mtu mwenye nguvu zake, alivunjika kifundo cha mkono pale kwenye ngazi ya tatu. Sasa mpitishe Mama pale, na magoti yake hayo.

Pamoja na hayo yote, sababu iliyonifanya nichukue kalamu ni nyingine. Sijui kama Mama amekwambia kwamba mwezi uliopita alinipigia simu yeye mwenyewe. Tulizungumza karibu saa nzima, naye akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, wala sidhani kama wewe umewahi. Marehemu babu yenu alikuwa akikata mkonge kule Mazinde, bondeni, na kila Jumamosi jioni alipanda mlima kwa miguu kurudi kwa familia. Mama na mdogo wake walikuwa wakienda kukaa kwenye majabali ya Irente, wakiwatazama watu wanaopanda ile njia nyembamba, wadogo kama siafu, mpaka watakapoitambua kofia ya baba yao. Aliniambia, "Mwanangu, nataka nikaitazame njia ya baba kabla macho hayajanizimikia." Hakuniambia kwamba anataka baridi, wala matunda, wala kutembezwa. Anachotaka ni asubuhi moja yenye anga safi.

Na hicho ndicho ambacho Aprili haitampa. Wewe ulifika Irente mara moja tu, tena jioni, kwa hiyo pengine hukumbuki vizuri. Ni mwendo wa kilomita kama tano au sita kutoka mjini, na ukifika ukingoni, ardhi inakatika ghafla, mteremko wa karibu mita 1,000 kwenda chini. Siku ya anga safi unaiona Mazinde yote, mistari ya mkonge iliyonyooka kama imepigwa rula, reli, barabara kuu ya kwenda Moshi, na ng'ambo yake tambarare ya Wamasai mpaka macho yachoke. Siku ya mawingu huoni hata jiwe lililo hatua kumi mbele yako. Nimewahi kusimama pale mwezi wa Mei na wageni waliotoka mbali, ukungu ukipanda kutoka bondeni kama moshi wa chungu kilichofunuliwa, na tukarudi bila kuona kitu. Wageni wale walikuwa vijana, wanaweza kurudi mwakani. Mama akirudi Dar es Salaam bila kuiona njia ya baba yake, mimi sitajisamehe.

Najua utasema, basi tuje likizo ya Juni. Nimelifikiria hilo pia, na ukweli ni kwamba wageni wengi huchagua Juni na Julai kwa sababu mvua kubwa zimekwisha na barabara ni kavu. Lakini hicho ndicho kipupwe chenyewe. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Ukigonga milima hii ya Usambara hauna pa kwenda ila juu, na ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na manyunyu. Iko siku jua halionekani mpaka saa sita mchana. Usiku hewa huweza kushuka hadi nyuzi 10 au pungufu, na kule juu Magamba ni baridi zaidi. Sisi tuliozaliwa huku huvaa makoti na kofia za sufu, tukaota moto. Mama naye ana kifua, na jambo linaloniogofya zaidi kuliko baridi yenyewe ni jiko la mkaa. Watu hufunga milango na madirisha, wakaliweka jiko chumbani wapate joto, na hewa ya sumu ya mkaa ule haina harufu ya kukuonya. Kwangu jiko haliingii chumbani kamwe. Lakini bila jiko, Julai, kwa mtu mwenye kifua... Hapana, Juni na Julai tuziache.

Kama ungekuwa na kazi nyingine, ningekwambia mje mwishoni mwa Januari au Februari, na barua hii ingekuwa fupi. Mvua za vuli zinakuwa zimekwisha, milima bado ni ya kijani, jua ni la upole, na barabarani kuanzia Soni watoto wanauza plamsi na mapeasi kwa ndoo ndogo. Najua Mama anapenda plamsi zile ndogo nyekundu, zenye uchachu kwenye ganda. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na wewe huwezi kuwaacha wanafunzi wako mwanzo wa mwaka, nami sitakuomba ufanye hivyo.

Desemba nayo nimeipima. Likizo ni ndefu, na matunda huanza kuiva, lakini mabasi hujaa Wasambaa wote wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, na kumsukumanisha mzee kwenye stendi kwa ajili ya kiti hakufai. Tena vuli haina ahadi. Mwishoni mwa 2023 zilipokuja zile mvua za El Niño, vuli ilinyesha kuliko masika, na tulikaa na hofu ileile ya barabara.

Kwa hiyo nimefika Septemba, na hapo ndipo ninapokuomba tukubaliane. Likizo fupi ya muhula wa pili huwa katika siku hizo, mwishoni mwa Agosti au ndani ya Septemba. Baridi kali inakuwa imeanza kulegea, ukungu wa asubuhi huondoka mapema, barabara ni kavu, na mvua za vuli hazijaingia. Ni kweli kwamba mashamba ya mlimani yanakuwa yamekauka, na mtu anayetaka kijani kibichi atakikosa, isipokuwa mabondeni kwenye bustani za karoti na kabichi zinazomwagiliwa kwa mifereji. Matunda anayoyapenda Mama hayatakuwapo pia. Lakini macho yake yatapata yalichokifuata, na hilo kwangu linazidi yote. Plamsi nitazituma mwenyewe Januari, tenga zima, kwa basi la asubuhi, nawe utamlisha.

Utaratibu nimekwisha kuupanga kichwani, nawe utauboresha. Mtoke Dar es Salaam alfajiri, mfike Mombo mapema, na mimi nitakuwa pale na gari dogo la yule kijana wa Soni, ambaye huendesha taratibu. Mama akae kiti cha mbele, maana kona zile humtia mtu kichefuchefu akiwa nyuma. Siku ya pili apumzike nyumbani, asiende popote, ajizoeze hewa. Siku ya tatu twende Irente, tena asubuhi, tufike kama saa tatu na nusu, ukungu ukiisha kupanda na kabla hakujawa na vumbi na moshi bondeni. Asubuhi jua huwa mgongoni mwako, linaimulika Mazinde vizuri. Jioni huwa mbele yako, nalo huumiza macho ya mzee. Ile jioni yenu ilikuwa nzuri kwa picha, lakini njia hamkuiona. Ndiyo maana naomba msije kwa siku mbili. Zisipungue siku tano, ili anga likikataa siku ya tatu tuwe na ya nne na ya tano. Gari linafika karibu, na pale pa kutembea pana tambarare, nimekwenda Jumamosi kupakagua nikimfikiria yeye hatua kwa hatua. Lile jabali la kukalia lipo. Nimelikalia. Njia ya kupanda kutoka Mazinde bado inaonekana, na wakati nimekaa pale alikuwa akipanda mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, mdogo kama siafu kama Mama alivyosema.

Zile ngazi za udongo, mwenzangu ameahidi kuziwekea mawe mara mvua zikikatika, na fundi amekwisha kuja kupima. Agosti zitakuwa tayari, pamoja na mti wa kushikilia upande mmoja. Hilo nalo haliwezekani kabla ya Pasaka, hata tungetaka, kwa sababu jana usiku mvua ya kwanza ya maana imenyesha, na asubuhi hii maji yalikuwa yakishuka juu ya ngazi zilezile.

Sasa nijibu, rafiki yangu, wala usikae kimya kama mimi. Likizo fupi mwaka huu inaanza tarehe ngapi hasa, na mkuu wako atakuruhusu kuongeza siku mbili ikibidi? Tiketi za Pasaka mmekwisha kulipa, au bado mnaweza kuahirisha? Kifua cha Mama kikoje siku hizi, na daktari amesemaje kuhusu safari ndefu ya kukaa? Anaweza kupanda ngazi ngapi bila kupumzika, ili nimwambie fundi aweke mahali pa kukaa katikati? Yule mdogo wake wa Handeni yu hai bado, na kama yu hai, unaonaje tukimwomba naye aje siku hiyohiyo bila kumwambia Mama? Na je, utamwambia wewe kwamba safari imesogezwa, au nimpigie mimi? Naona afadhali nimpigie mimi, kwa kuwa ni mimi aliyenieleza habari ya kofia ile, lakini sitafanya hivyo mpaka nipate neno lako.

Mwenzangu anakusalimu, na watoto wanasema uwaletee visheti.

Wako daima,
mwenzako wa deski moja